Ameniita "mtu wa ajabu": ni sifa au ni kijembe?

*"Niliolewa mwaka jana, Tanga. Mama mkwe alikuja kukaa nasi pamoja na mawifi zangu wawili. Siku moja pampu ya kisima ikagoma, inaunguruma tu haivuti, na fundi hapokei simu. Nikaifungua mwenyewe, nikabadilisha kapasita, maji yakatoka. Mama mkwe alikuwa barazani anatazama mwanzo mpaka mwisho. Akawageukia mawifi akasema: 'Huyu mkaza mwanangu ni mtu wa ajabu.' Wakacheka. Mume wangu anasema nimesifiwa. Mimi nimekulia Dodoma, na kwetu ukiitwa mtu wa ajabu umeambiwa hueleweki. Nilifungua kamusi nikakuta 'jambo la kushangaza', nikaifunga. Shoga yangu anasema ajabu na muujiza ni neno moja la Kiarabu, la dini, kwa hiyo lazima liwe zuri, na kweli kanisani tunaimba matendo ya ajabu ya Bwana. Sasa ni sifa au ni kijembe? Na kuna jingine: mama mkwe anatimiza miaka sabini, nilitaka kumwandikia kadi 'Wewe ni mama wa ajabu.' Niandike?"*

Dada yangu, umenipa karibu kila kitu isipokuwa kimoja, nacho ni sauti ya mama mkwe wako aliposema maneno hayo. Nitarudi hapo. Kwa jinsi ulivyosimulia, naegemea upande wa mume wako: nadhani ulisifiwa. Ila yeye amelifikia jibu kwa haraka mno, na shoga yako amelifikia kwa njia isiyo sahihi. Wewe nawe hukujitungia ulichokisikia. Masikioni mwa watu wengi wanaosema Kiswahili leo, "mtu wa ajabu" ni lawama, tena si lawama ndogo.

Tunapenda kuyagawa maneno mafungu mawili, ya kusifu na ya kukebehi, na mengi yanakubali kugawiwa. "Hodari" halisumbui mtu. "Mpuuzi" halisumbui mtu. Ajabu linakataa. Kazi yake ni kutaja umbali uliopo kati ya kile ulichotarajia na kile ulichokiona. Ni kama kamba ya kupimia: inakuambia urefu, haikuambii kama ni urefu wa kwenda juu au wa kwenda chini. Ndiyo maana kamusi haikukusaidia. "Jambo la kushangaza" ni maana sahihi kabisa. Wewe ulikuwa unautafuta upande, na upande haumo ndani ya neno.

Ukitaka kulithibitisha hilo, lisikilize neno hilohilo likikanushwa. "Si ajabu akaja kesho." "Si ajabu ndiye aliyeichukua." Hapo hasifiwi mtu wala hakebehiwi mtu. Tunachosema ni "huenda", "inawezekana kabisa". Kama ajabu lingebeba sifa ndani yake, "si ajabu" lingekuwa na maana ya "si zuri", na hakuna anayelielewa hivyo. Kinachokanushwa ni ule umbali: jambo hilo likitokea, litaangukia palepale lilipotarajiwa.

Sasa shoga yako. Ajabu na muujiza si neno moja, ingawa zote mbili zimetoka Kiarabu na zimefanana kwa sauti. Ajabu lina mzizi wa ayn, jim na ba, na ndugu zake ni staajabu, mastaajabu, na taajabu la zamani ambalo siku hizi halisikiki sana. Muujiza mzizi wake ni ayn, jim na zai, unaohusu kushindwa, kukosa uwezo. Muujiza ni tendo linalowashinda wengine kulifanya. Na unamjua ndugu yake wa karibu kwa Kiswahili? Ni ajizi, ule uvivu wa "ajizi nyumba ya njaa". Kwa hiyo muujiza umelala chumba kimoja na uvivu, na ajabu liko nyumba nyingine kabisa. Mkutanapo mwambie, lakini kwa upole, maana kosa hilo hufanywa hata na watu waliosoma.

Anapokosea zaidi ni kudhani kwamba neno likipita kwenye dini basi linatoka limetakata. Tazama Kurani yenyewe. Katika Surat Jinni, aya ya kwanza, majini wanasema wameisikia Kurani ya ajabu, na wanasema hivyo kwa kuipenda na kuiamini. Katika Surat Qaf, aya ya pili, makafiri wanamwona mwonyaji akitoka miongoni mwao wenyewe na kusema: hili ni jambo la ajabu. Hao wanakataa. Na katika Surat Hud, mke wa Ibrahimu anapoambiwa atazaa ilhali yeye na mumewe ni wazee, anasema jambo hilo ni la ajabu, na yeye yuko katikati: hapingi, hasifu, hajui tu alishike wapi. Watu watatu wa namna tatu, na wote wanachota kwenye mzizi mmoja.

Biblia unayoisoma kanisani nayo ina jambo la kukupa. Katika Isaya 9:6 kuna "Mshauri wa ajabu", na hapo ni utukufu mtupu. Lakini fungua Zaburi 139:14 katika ile tafsiri ya Union: "nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha". Ajabu ya kutisha! Mzaburi anashukuru na anatetemeka kwa pumzi moja. Sidhani kama mtafsiri aliteleza. Mshangao wa mtu mbele ya jambo linalompita kimo una kupenda ndani yake na una hofu ndani yake, na neno letu linavibeba vyote bila kulalamika.

Methali unayoijua tangu utotoni inafanya vilevile. "Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni." Ya Musa ni fimbo iliyogeuka nyoka na bahari iliyopasuka, ya Firauni ni ukaidi, ukatili na mwisho wa kuzama baharini. Kitenzi kimoja, kustaajabu, kinaanzia kwa nabii, na msikilizaji anakivusha mwenyewe mpaka kwa dhalimu bila kuona kwamba amevuka mto. Kumbuka pia tunaitumia wakati gani: mara nyingi ni pale mabaya yanapokaribia kuzidi.

Kwa hiyo upande unatoka wapi? Unatoka kwa majirani wa neno, na hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu ukilipata hili utakuwa umepata jibu la kadi pia.

Jirani wa kwanza ni jina linalotangulia "wa ajabu". Kuna majina ambayo yenyewe tayari yana upande: uzuri, wema, subira, kipaji, ujinga, ukatili, uchoyo. Ukiyaongezea ajabu, linazidisha kile kilichokuwepo. Uzuri wa ajabu ni uzuri uliopita kiasi. Ujinga wa ajabu ni ujinga uliopita kiasi. Hakuna anayechanganyikiwa. Mtu akikuambia una subira ya ajabu, nenda kalale.

Kuna majina mengine yasiyo na upande: mtu, maneno, tabia, nguo, sura. Hapo ajabu halina cha kuzidisha, kwa hiyo msikilizaji inabidi aamue mwenyewe umbali huo unaelekea wapi. Na binadamu tukiachiwa kuamua, tunaelekea kwenye shaka. "Ana tabia ya ajabu" hukuuliza ni tabia gani; umeshamhurumia mumewe. "Alisema maneno ya ajabu" ukadhani matusi au upuuzi, hukudhani mashairi. "Mtu wa ajabu" iko kwenye kundi hili. Ndiyo sababu masikio yako ya Dodoma yalishtuka, na nikuhakikishie kwamba ya Mombasa au ya Mwanza yangeweza kushtuka vivyo hivyo.

Kundi la tatu ni la vitu vilivyotengenezwa au vilivyotendwa: dawa, daraja, jengo, kazi, matendo. Hapa mwelekeo ni wa sifa zaidi, kwa sababu mtu akitengeneza kitu kikapita matarajio, kwa kawaida tunafaidika. Nyimbo zenu za kanisani zimo humu, maana matendo ya ajabu ni matendo yaliyofanywa na mtu tunayemjua. Na hasa likiingia kwenye wingi, maajabu, neno linavaa nguo za sikukuu. Sultani Barghash alipojenga lile jumba lake la Forodhani, Unguja, mwaka 1883, lilikuja kuwa na umeme na lifti ambavyo watu hawakuwahi kuviona, na jengo likaitwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Hakuna aliyedhani jina hilo ni kejeli. Hata sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020, jina lilibaki na heshima yake. Ingawa, tuseme ukweli, siku hizi ukisikia mtu anasema "haya sasa ni maajabu!" huku ameweka mikono kiunoni, usitarajie lifti.

Jirani wa pili ni neno lenyewe likirudiwa. "Ajabu ajabu" haliko tena kwenye mizani. Limeanguka upande mmoja. "Mbona unaniletea maneno ya ajabu ajabu?" "Siku hizi anavaa vitu vya ajabu ajabu." Hutasikia mtu akimshukuru Mungu kwa matendo ya ajabu ajabu. Mara nyingi Kiswahili kikirudia neno hivi kinaliondolea shabaha: anayetembea ana aendako, anayetembeatembea hana, aliyeshangaa ameona kitu, anayeshangaashangaa njiani anakuchelewesha tu. Kama mama mkwe wako angesema "mtu wa ajabu ajabu", barua hii ningeijibu kwa mstari mmoja.

Jirani wa tatu ni kitenzi, na hapa niongeze jambo usiloliuliza kwa sababu litakutokea. Kuna tofauti kubwa kati ya "nashangaa" na "nakushangaa". La kwanza ni hali yangu mimi. La pili lina wewe ndani yake, na ni karipio. Shangazi akikuambia "nakushangaa sana, mwanangu", hajapendezwa. Amekutarajia pale, amekukuta hapa, na anataka urudi. Magazeti nayo yanalijua hilo: makala inayoanza na "inashangaza kuona" haiendi kupongeza. Ndiyo maana mtu anayetaka kusifu kwa kitenzi huchagua staajabu kuliko shangaa. "Kazi yako inastaajabisha" inapanda. "Kazi yako inashangaza" inakufanya uulize kuna nini.

Maneno mengine ya jamaa hii nitayapitia haraka. Kupigwa na butwaa, kushikwa na bumbuwazi, kuduwaa, kutunduwaa: haya ni ya mwili zaidi kuliko akili. Angalia yanavyopenda "kupigwa" na "kushikwa", maana mtu wa hali hiyo hafanyi kitu, anafanywa. Kupumbaa liko mlango wa pili, na mpumbavu anatoka nyumba hiyohiyo. Aliyebaki kinywa wazi na mjinga wanafanana sura, na lugha imewaweka karibu. Ndiyo sababu mshangao wa watu wazima mara nyingi humalizikia kwenye kicheko: mtu anajikuta ameduwaa, anaona haya, anacheka ili arudi kwenye hali yake. Kicheko cha mawifi zako kinaweza kuwa hicho. Kinaweza pia kuwa kingine. Sikuwepo.

Tuirudie basi sentensi yenyewe, neno kwa neno. "Huyu mkaza mwanangu ni mtu wa ajabu."

Naona njia tatu za kuielewa. Ya kwanza ni ya mume wako: mama kaona jambo ambalo hakulitarajia kwa mke wa mwanawe, kapendezwa, kasema. Inayoitetea njia hii ni lile neno ulilolipita bila kulitazama, mkaza mwanangu. Angeweza kusema "huyu mwanamke", "huyu wa kwenu", au "mke wa fulani". Amechagua neno la ukoo, tena akaliwekea "-angu" mwishoni. Mtu anayetaka kukusukuma nje ya mlango huanza kwa kukuondolea jina la undugu. Yeye amekuvuta ndani, mbele ya binti zake, kisha ndipo akasema la ajabu.

Inatetewa pia na kile ambacho hakukisema. Mama wa pwani wa miaka karibu sabini akitaka kukuchoma ana ghala zima. Angeweza kusema "Makubwa!" akanyamaza, na kila mtu barazani angemalizia kichwani, "madogo yana nafuu". Angeweza kuguna tu. Angeweza kungoja mpaka kesho akavaa kanga yenye maneno yake. Kuchagua neno linaloweza pia kusifu, mtu mwenye silaha hizo zote, ni dalili njema.

Tena kuna desturi unayopaswa kuifahamu kwa kuwa umeolewa huko. Wazee wengi wa pwani hawapendi kumsifu mtu usoni, tena waziwazi, kwa kuogopa kijicho. Waislamu hutanguliza "Mashaallah" kwa sababu hiyo. Wengine hulizungusha neno, wakamwambia mwingine huku wewe unasikia, au wakachagua neno lisiloshika moja kwa moja. Kumwambia wifi yako kwamba wewe ni mtu wa ajabu kunaweza kuwa ndiyo namna yake ya kukuambia wewe ni hodari bila kukuanika.

Njia ya pili ni ile ya kati, na binafsi naipenda kuliko zote. Mama hakukusifu wala hakukulaumu, alipima. Alikuwa na picha ya mkaza mwana kichwani, na kwenye picha hiyo hakukuwa na bisibisi. Ukaiparua mbele yake. Alichokisema ni ripoti ya umbali, na huenda yeye mwenyewe, usiku ule, hakuwa ameamua kama umbali huo anaupenda. Kama mke wa Ibrahimu kwenye Surat Hud. Ikiwa ndivyo, jibu la swali lako halipo katika siku ile, lipo katika zilizofuata: je, baadaye alikuomba umtazamie kitu kingine kilichoharibika? Alimsimulia jirani habari ya pampu, na alisimulia kwa uso gani? Aliyekuwa hajaamua huamua kwa vitendo.

Njia ya tatu ni kijembe. Siiondoi mezani, na mume wako asiiondoe kirahisi. Fumbo zuri ni lile ambalo msemaji anaweza kulikana, na neno lisilo na upande linafaa sana kwa kazi hiyo: ukilalamika, unaambiwa "mbona nilikusifu?" Anayeweza kulitofautisha ni aliyesikia sauti. Ajabu tunalikaza kwenye "ja". Anayestaajabu kwa kupendezwa mara nyingi huivuta silabi hiyo, nyusi zikapanda nayo. Anayelaumu hulikata fupi, macho yakaenda pembeni, au akaliachia pumzi ya puani. Si kanuni ya kuandikwa ukutani, lakini masikio yako yalikuwepo na yangu hayakuwepo. Funga macho uisikie tena ile sauti, bila kuiongezea wiki hizi zote ulizokaa nayo. Na muulize mume wako jambo moja rahisi: alikuwepo, au alisimuliwa na wewe? Kama alisimuliwa, hukumu yake haina uzito kuliko yako.

Kuhusu kadi: usiandike "Wewe ni mama wa ajabu." Nafahamu unalotaka kusema, na naona sentensi za namna hiyo zimezidi kwenye jumbe za simu, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kutoka kwenye heri za Kiingereza. Lakini "mama" hapo anafanya kazi kama "mtu"; hana upande, na kwa bibi wa miaka sabini unamwachia aamue. Tena hutakuwa karibu na karatasi kumpa sauti. Tumia jina lenye upande wake: "Mama, wema wako ni wa ajabu", au "Nimejifunza kwako subira ya ajabu." Ukiwa na jambo maalumu alilokutendea, litaje kwa jina lake, litamfikia zaidi. Na kama bado unataka kulitumia lile neno alilokupa wewe, ngoja kwanza ujue alilitoa kwa mkono gani.

Je, umuulize? Nadhani ndiyo, lakini si kwa ujumbe wa simu, maana utaandika neno lisilo na sauti kuulizia neno lililokuwa na sauti. Subiri mkutane, mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, mnachambua mchele au mnakunja nguo, ili pasiwe na kukodoleana macho. Usimuulize "ulimaanisha nini?" Swali hilo linamweka mzee kizimbani, na aliye kizimbani hujitetea. Mwambie: "Mama, siku ile ya pampu uliniita mtu wa ajabu. Nimekuwa nikijiuliza, kwenu mkaza mwana akishika spana inakuwaje?" Hapo unamuuliza habari ya matarajio, ambayo ndiyo maana hasa ya neno alilolitumia. Kama alikusifu, atacheka na kukusimulia. Kama ana la moyoni, umempa nafasi ya kulisema bila yeyote kuvuliwa nguo.

Ukishindwa kumkabili, mwendee wifi mkubwa, au shangazi wa mume wako. Wao wamesikia mama akitumia neno hilo kwa miaka mingi, na kila mtu ana namna yake. Kuna watu ambao "wa ajabu" kwao ni sifa ya juu kabisa na hawajawahi kulitumia vibaya. Kuna wengine kinyume chake. Mtaalamu wa lugha anaweza kukuambia neno linaruhusu nini. Mazoea ya mzungumzaji mmoja yanajulikana na walioishi naye.

Jambo la mwisho, na hapa kazi yangu inaishia. Barua yako ina sentensi moja tu, na kwa sentensi moja sina wasiwasi. Lakini kama umeniandikia hiyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyepesi kusimulia, na nyuma yake kuna salamu zisizoitikiwa, chakula chako kinachosukumwa kando, "sisi kwetu hatukuzoea hivyo" kila asubuhi, na kicheko kinachokatika ukiingia sebuleni, basi achana na kamusi. Hata neno "hodari" likisemwa ndani ya nyumba ya namna hiyo litakuuma. Mweleze mume wako yote kwa pamoja, si moja moja, kwa sababu moja moja yataonekana madogo. Kisha nendeni kwa mshenga wenu kama mlikuwa naye, kwani wajibu wake haukwisha siku ya harusi, au kwa mtu mzima anayesikilizwa na pande zote mbili. Mchungaji wako anaweza kusaidia, au mshauri wa ndoa kama yupo karibu. Nendeni mapema, kabla mama hajafunga safari ya kuja tena.